Damu Ilisema Nini?

Kazi ya ukalimani ina adabu zake, na ya kwanza ni kutokuwapo. Mkalimani huketi kati ya daktari na mgonjwa kama dirisha: wawili hao waonane kupitia kwake, yeye asionekane. Kwa miaka kadhaa nimeifanya kazi hiyo katika mji mmoja wa katikati ya Marekani, nikiichanganya na ualimu wa Kiswahili ambao ndio hasa unaonilipia kodi ya nyumba. Katika vyumba vile vidogo vyenye kitanda cha mgonjwa, kompyuta na boksi la glavu, nimeisikia lugha yetu ikizungumzwa na Wakongomani waliokulia katika kambi za Kigoma, na Wakenya wa Mombasa, na Watanzania wa kila mkoa. Humo nimejifunza kwamba dirisha nalo lina rangi yake, na kwamba mkalimani anaweza kutenda kosa zito kwa neno moja alilolitamka kwa huruma.

Insha hii inatokana na kosa la namna hiyo. Mama ninayemtaja humu ameniruhusu nisimulie, kwa sharti kwamba nisimtaje jina wala mji anaoishi. Ni mwenyeji wa Kagera. Ameishi na VVU kwa zaidi ya miaka ishirini, na dawa zimemkubali: virusi katika damu yake vimepungua hata kipimo hakivioni. Lakini katika miaka ya karibuni mwili wake umeanza kumfungulia mashtaka mapya. Uzito umepanda, sukari imepanda, na picha ya ini lake imeonyesha mafuta yasiyostahili kuwapo. Siku hiyo, miaka sita iliyopita, alikuwa ameombwa kushiriki katika utafiti mdogo. Watafiti walitaka damu yake, choo chake na picha ya ini lake, mara mbili katika mwaka, ili waone kama bakteria wa utumboni wana uhusiano wowote na mafuta yale.

Kichwa cha fomu ya ridhaa nilikitafsiri upesi: "utafiti wa majaribio." Mama akaniangalia juu ya miwani. "Mwanangu," akasema, "majaribu nimeyapitia ya kutosha." Tulicheka sote watatu, daktari akicheka kwa heshima bila kujua kilichosemwa, nami nikarekebisha: "utafiti wa awali." Lakini utani ule ulikuwa na kina. Katika Kiswahili, jaribio la mtaalamu na jaribu la mja yametoka katika shina moja, na mtu aliyepitia la pili ana haki ya kuliuliza la kwanza linataka nini kwake.

Aliuliza jambo moja tu. "Damu yangu ikishasema, nitaambiwa imesema nini?"

Daktari, kijana mwungwana ambaye sina shaka na nia yake, alijibu kwa Kiingereza kwamba matokeo yatatolewa. Hakusema yatatolewa na nani, wala kwa nani, wala lini. Nilimwona mama anasubiri, nikaona haya kumpa sentensi isiyo na mtu ndani yake. Nikasema: "Utaambiwa, mama." Akatia saini.

Hakuambiwa.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza maswali mawili yanayofuatana kama pacha. La kwanza: je, ni haki kutumia fedha za umma katika utafiti wa awali, ambao kwa asili yake una nafasi kubwa ya kutozaa chochote, ilhali wapo wagonjwa wanaohitaji dawa leo? La pili: ikiwa ni haki, ni deni gani linaloambatana na fedha hizo, na nani anadaiwa? Nimefikia kuamini kwamba jibu la swali la kwanza ni ndiyo, lakini ni ndiyo inayosimama kwa nguvu ya jibu la pili. Asiyekuwa tayari kulipa deni hana haki ya kupanda mbegu.

Tuanze na upande wa mpinzani, kwa kuwa hoja yake haina udhaifu mwingi. Katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ipo ruzuku maalumu kwa mawazo machanga, ijulikanayo kwa herufi na namba R21. Hudumu kwa miaka isiyozidi miwili, na gharama zake za moja kwa moja kwa kawaida hazizidi dola 275,000 kwa kipindi chote. Mwombaji halazimiki kuonyesha ushahidi wa awali. Anatakiwa aonyeshe kwamba swali lake ni la maana na njia yake ina mantiki. Miongoni mwa taasisi zinazofadhili kazi za aina hiyo imo ile inayoshughulikia kisukari, magonjwa ya mmeng'enyo wa chakula na magonjwa ya figo, na katika miaka ya karibuni imekuwa ikitafuta watu wa kuchunguza makutano ya VVU na magonjwa hayo.

Rafiki yangu mmoja, Mtanzania anayefundisha uchumi, alinifanyia hesabu katika bahasha tuliyokuwa tukinywea chai juu yake. Kidonge kimoja cha kila siku kinachotumiwa sasa na wagonjwa wengi wa Afrika, chenye dolutegravir na wenzake wawili, hununuliwa na mifuko mikubwa ya kimataifa kwa bei isiyofika dola 45 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Gawanya 275,000 kwa 45. Unapata watu zaidi ya 6,000. "Niambie," akasema, "ni wazo gani changa linalostahili kuwekwa kwenye mizani na mwaka mmoja wa uhai wa watu elfu sita? Tena wazo ambalo mwenyewe anakiri huenda likafa?"

Sikuwa na jibu siku ile, na hata leo siwezi kuiondoa hesabu hiyo kwa maneno matamu. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na sisi tunaokaa huku, ambako duka la dawa halikosi dawa, tuna wajibu wa kujichunga tunapozungumzia thamani ya maarifa mbele ya mtu anayetafuta kidonge. Hata hivyo nadhani hesabu ile imejengwa juu ya dhana moja isiyosemwa: kwamba tiba ni kitu kilichokamilika, kinachohitaji tu kusambazwa. Historia ya ugonjwa huu katika nchi ya mama yule inasema vingine.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa Kagera mwaka 1983. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda, wananchi wa Rakai walikuwa wameshaupa ugonjwa ule jina kabla maabara hazijawafikia. Waliuita Slim, kwa sababu uliwakondesha watu hata wakabaki mifupa. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao wa Uingereza waliuandika katika jarida la Lancet kwa jina hilohilo la wananchi. Dalili walizozieleza zaidi zilikuwa kukonda na kuharisha. Wanakijiji walichokiona kwa macho yao, basi, kilikuwa ugonjwa wa tumbo: chakula kinaingia na mwili hauupati.

Elimu ya kitabibu haikuliona hilo kwa uzito wake kwa muda mrefu. Ilihesabu seli za CD4 katika damu, kwa kuwa damu ni rahisi kuichota. Hatimaye, mwaka 1998, utafiti wa nyani ulionyesha kwamba virusi vya jamii hiyo hushambulia utumbo mapema sana. Mwaka 2004 jambo hilohilo lilithibitishwa kwa binadamu: sehemu kubwa ya seli za kinga za mwili hukaa katika ukuta wa utumbo, na huko ndiko VVU hufanya uharibifu wake mkubwa katika majuma ya mwanzo. Mwaka 2006 likaongezwa jingine: ukuta ukishadhoofika, vipande vya bakteria hupenya kuingia katika damu, na kinga ya mwili hukesha ikipigana na adui asiyekwisha. Kukesha huko hakuishi kabisa hata mgonjwa anapotumia dawa vizuri, na wengi wanaamini kunachangia magonjwa ya moyo, ini na sukari yanayowapata watu hao mapema kuliko rika lao. Miaka takriban ishirini ilipita kati ya wanakijiji waliosema "ni tumbo" na wataalamu walioeleza ni tumbo kwa namna gani.

Kaka yake mama yule alifariki kwa Slim mwaka 1991. Aliniambia hayo tukiwa tunasubiri lifti, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa.

Sasa tuingie katika jambo ambalo hesabu ya rafiki yangu hailioni. Tiba yenyewe imefungua ukurasa wa pili wa ugonjwa. Dawa za kwanza zilizofika kwa wingi Afrika Mashariki aghalabu zilikuwa na stavudine ndani yake. Ziliokoa watu wengi mno, na wengi kati yao ziliwaacha na mashavu yaliyobonyea, miguu iliyokwisha nyama na ganzi ya nyayo. Katika mtaa ambako ugonjwa ni siri, uso uliobonyea ulikuwa tangazo. Kidonge kilimrudishia mtu uhai na papo hapo kikamtoa hadharani bila ridhaa yake. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizihimiza nchi ziiache dawa hiyo hatua kwa hatua. Halikufikia hapo kwa kubahatisha. Lilifikia kwa sababu kulikuwa na watu waliolipwa kuchunguza kwa nini mafuta yanahama mwilini, wakati ambapo ilionekana anasa kuuliza juu ya sura ya mtu aliyenusurika kaburi.

Dolutegravir ilipokuja ilikuwa neema kubwa zaidi, nayo haikuja peke yake. Mwaka 2019 tafiti mbili, moja ya Johannesburg na nyingine ya Kameruni, zilionyesha kwamba wanaoitumia huongezeka uzito, na wanawake zaidi ya wanaume. Mwaka uliofuata madaktari wa Kampala waliandika kuhusu wagonjwa waliopandwa na sukari ghafla baada ya kuhamishiwa dawa hiyo. Kwa nini? Sehemu ya uzito ule huenda ni afya inayorejea. Sehemu huenda ni tofauti na dawa ya zamani iliyokuwa ikiuzuia. Na iko sehemu ambayo bado inajadiliwa. Mwanza, ambako miaka ya nyuma watafiti walijaribu kuwalisha virutubisho watu waliokonda mno walipokuwa wakianza dawa, sasa wanachunguza kisukari kwa watu walio na VVU. Mji uleule ulioulizwa jinsi ya kumnenepesha mgonjwa unaulizwa sasa kwa nini sukari yake haishuki.

Neno lenyewe limegeuka. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa awali uliofanywa Marekani na Brazili kwa washiriki wapatao 50 tu, watu wenye VVU na mafuta katika ini. Walipewa semaglutide kwa majuma 24, na mafuta ya ini yakapungua kwa wastani wa takriban asilimia 31. Utafiti huo uliitwa SLIM LIVER. Sidhani waliouita hivyo walikuwa na Rakai akilini. Lakini mtu wa Kagera akilisikia jina hilo hawezi kulisikia kwa sikio moja: lililokuwa jina la kifo sasa ni jina la tumaini, na safari kati ya mawili hayo ni ya miaka arobaini.

Hoja yangu ya kwanza, basi, ni hii. Duniani leo wanaishi na VVU watu takriban milioni 40, na zaidi ya milioni 30 kati yao wanatumia dawa. Hawa ni watu tuliowaambia: meza, utaishi. Ukimtoa mtu kisimani hujamalizana naye, umeanza uhusiano. Kumpa mtu miaka thelathini ya uhai kisha kutojali miaka hiyo itapita katika ini la namna gani na moyo wa namna gani ni hisani iliyokatwa katikati. Utafiti wa magonjwa haya hauko upande wa pili wa mizani na tiba. Ni sehemu ya ahadi ileile, iliyotamkwa siku kidonge cha kwanza kilipowekwa kiganjani. Hata ule utafiti mkubwa uliokamilika mwaka 2023, uliowahusisha watu 7,769 katika nchi 12, Uganda ikiwamo, na kuonyesha kwamba dawa ya kupunguza lehemu inaweza kupunguza matukio makubwa ya moyo kwa takriban asilimia 35, ulitanguliwa na tafiti ndogo za washiriki makumi, zilizopiga picha za mishipa ya damu na kuuliza swali ambalo halikuwa na jibu. Bila mbegu hizo, hakuna anayelipia shamba.

Mpinzani atasema: umetaja mbegu zilizoota. Taja zilizooza. Nami nitamtajia iliyo maarufu kuliko zote. Mwaka 1964 mkemia Jerome Horwitz, katika maabara ya Detroit, alitengeneza kampaundi kwa fedha za umma akitumaini itatibu saratani ya damu. Panya hawakupona. Horwitz aliiweka kando, wala hakuona haja ya kuiombea hataza. Mwaka 1974 watafiti wa Ujerumani waliona kwamba inazuia aina fulani ya virusi vya panya, lakini hapakuwa na ugonjwa wa binadamu uliojulikana wa kuutibu nayo. Mwaka 1985 ikaonekana katika maabara kwamba inaizuia VVU. Mwaka 1987 ikaidhinishwa kwa jina la AZT, dawa ya kwanza ya ugonjwa huu. Akiba haiozi, na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Lakini tuutazame mfano huu kwa makini, maana husimuliwa kwa urahisi mno, kana kwamba kushindwa kuna baraka ndani yake. Kushindwa kwa Horwitz hakukumfaa mtu kwa sababu tu kulitokea. Kulifaa kwa sababu kuliandikwa. Aliichapisha kampaundi yake na njia ya kuitengeneza, na kwa hiyo waliokuja baada ya miaka ishirini waliikuta kabatini ikiwa na jina na anwani. Kushindwa kusikoandikwa hakuwi akiba. Ni hasara tupu, na mtu mwingine ataitumia tena fedha ileile kuangukia shimo lilelile.

Mfano huo una somo la pili, chungu zaidi. AZT ilipotoka, mgonjwa alitakiwa kulipa takriban dola 10,000 kwa mwaka. Mchanganyiko wa dawa unaozuia kifo ulipatikana mwaka 1996. Kampuni ya Cipla ya India ilitangaza mwaka 2001 kwamba inaweza kuuza mchanganyiko wa aina hiyo kwa dola 350 kwa mwaka. Mpango mkubwa wa Marekani wa kuzipatia nchi nyingine dawa ulitangazwa mwaka 2003. Katika kipindi hicho cha katikati, Kagera na Rakai walizika. Mbegu ilipandwa kwa fedha ya wote, na tunda likazungushiwa ua. Kwa hiyo anayetetea utafiti wa awali kwa kutaja AZT, kama nifanyavyo mimi, sharti ataje na ua.

Hapa ndipo swali la pili linapoingia, na ndipo ninaporudi kwa mama. Kwa muda mrefu nilidhani kwamba mtu anapokubali kutoa damu yake kwa utafiti usiomhakikishia faida, anatoa zawadi, na zawadi haidaiwi. Fomu zetu zinazungumza hivyo: hakuna faida ya moja kwa moja kwako, lakini huenda wengine wakanufaika siku zijazo. Ni maneno ya kweli, na yana heshima ndani yake, kwa kuwa yanamdhania mshiriki kuwa mtu anayeweza kutoa. Lakini hata zawadi ina adabu yake katika jamii zetu. Chombo kilicholetwa na chakula hakirudishwi kikiwa kitupu. Na kama nyumba haina kitu, chombo hurudi na shukrani na maelezo. Kinachokatazwa ni kukaa na chombo cha mwenzio kimya.

Mwaka jana nilimtafuta yule daktari kijana. Amehamia mji mwingine na kazi nyingine. Alinijibu kwa uungwana. Ruzuku ilikwisha, akasema; washiriki walikuwa wachache kuliko ilivyopangwa; uhusiano waliokuwa wakiutafuta hawakuuona; mhariri wa jarida moja alisema matokeo hayana jipya, na baada ya hapo hakuna aliyekuwa na muda wa kuandika upya. Sampuli zilizobaki bado zimo katika friza. Hakuna aliyeiba wala kudanganya. Kila mmoja alitimiza lililoandikwa katika mkataba wake, na "kumwambia mama" halikuwa limeandikwa katika mkataba wa yeyote. Lilikuwa limetamkwa tu, na mimi.

Ahadi ni deni. Nilikwenda kwake Jumapili moja, nikamwamkia, nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo haikusema kitu?"

"Ilisema kwamba njia ile walioifikiria haionekani kupita, mama. Au kwamba watu walikuwa wachache mno kuiona."

"Basi hilo nalo ni jibu," akasema. "Mbona mmekaa nalo miaka yote hii?"

Sikuwa na la kujitetea, na sidhani mfumo mzima ambao nilikuwa dirisha lake una la kujitetea. Mama hakukasirishwa na kushindwa. Mtu aliyelima anajua kwamba msimu hushindwa. Alikasirishwa na kufichwa, ingawa hakuna aliyekusudia kumficha. Aliona, kwa haraka kuliko nilivyoona mimi, kwamba hatari ya utafiti wa awali kwa heshima ya mtu haiko katika uwezekano wa kutozaa. Iko katika desturi ya kumhesabu mshiriki pale tu panapokuwa na mavuno.

Kutokana na hayo naona wajibu ulio wazi. Anayetoa fedha za mbegu na asitenge fungu la kuwarudishia washiriki jibu, hata likiwa jibu la "hatukuona kitu", na kwa lugha waliyotilia saini, anakopa bila nia ya kulipa. Gharama yake ni ndogo: ukurasa mmoja, mkalimani mmoja, stempu. Vivyo hivyo jarida linalokataa matokeo kwa kuwa hayana jipya linavunja kabati ambalo AZT ilihifadhiwa ndani yake. Na anayepanga mbegu bila kupanga nani atalila tunda amejifunza nusu tu ya historia ya ugonjwa huu.

Wajibu huu hauwahusu Wamarekani peke yao. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Mei mwaka huohuo Taasisi za Taifa za Afya zikatangaza kusitisha ruzuku mpya zenye mafungu ya kupitishiwa taasisi za nchi nyingine, hadi utaratibu mpya utakapowekwa. Rafiki yangu mchumi alinipigia simu, sauti yake imepungua. Fedha iliyonyang'anywa maabara haikupelekwa kwa watu elfu sita wa bahasha yake. Kidonge na swali vilikatwa kwa mkasi mmoja. Tulikuwa tumegombana juu ya mizani ambayo mwenye duka alikuwa anaweza kuifunga wakati wowote.

Viongozi wa Afrika walikutana Abuja mwaka 2001 wakaahidi asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Umoja wa Afrika umejiwekea lengo la asilimia 1 ya pato la nchi kwa utafiti. Nchi nyingi hazijafika huko. Na sisi tulio ughaibuni, tunaotuma fedha za arusi, za misiba na za kuezeka nyumba, na tunafanya vyema, hatujawahi kujiuliza kama swali la daktari kijana wa Mwanza ni msiba wetu pia. Mwenye kupanda kwa mkono wake ana nguvu ya kusema mavuno yagawanywe vipi. Asiyepanda hubaki kusubiri matokeo "yatolewe".

Nilipokuwa naaga, mama alinisindikiza hadi mlangoni, kama ilivyo desturi ya kwao, ingawa mlango wenyewe uko ghorofa ya nne na nje ni theluji. Akaniuliza tena, kwa upole:

"Na ile iliyobaki kwenye friza, wataitumia?"

Nilimwambia kwamba nimeshaandika kuuliza, na kwamba bado sijajibiwa. Safari hii sikuongeza neno.